Mahubiri na Mkono wa Amani

Mtu asiyezijua nchi zetu akilisikia jina la Salamabila hawezi kujizuia asiulize: "Salama bila nini?" Nimeulizwa hivyo Kasongo, nimeulizwa Kindu, na kule Bukavu padri mwenzangu aliniuliza mezani mpaka wote wakacheka. Wengine huandika Saramabila, na mchezo wa maneno ukaisha. Mahali penyewe pako upande wa Kabambare, kusini ya Maniema, katika jimbo la Kasongo. Chini ya udongo wetu mna dhahabu, na kwa sababu hiyo juu yake pana watu wengi: Wabangubangu na Wabuyu walio wenyeji, Wabembe waliotoka Fizi, Washi waliotoka Bukavu, na vijana wengine ambao kwao hatukujui ila kwa kusikia lafudhi yao. Ndugu zetu Waislamu ni wengi, maana Kasongo ulikuwa mji mkubwa wa Waarabu na Waswahili tangu zamani za Tippu Tip. Tunazikana nao na kuombana chumvi.

Leo nataka kusema nanyi habari ya mahubiri. Najua wengi wenu huyapima kwa saa ya mkononi. Hata Papa Fransisko, aliyefariki tarehe 21 Aprili 2025, aliliona jambo hilo. Katika waraka wake wa mwaka 2013 juu ya Furaha ya Injili alitumia kurasa nyingi kuwafundisha mapadri namna ya kuhubiri, na mwaka 2024 akawaambia waziwazi wasipite dakika 8, kwa sababu watu husinzia. Habari hiyo niliwasomea kina mama wa shirika moja la hapa. Hawakuipenda. Mmoja akasema: "Baba Padri, mimi ninatembea saa mbili kuja Misa na saa mbili kurudi. Dakika 8 hazitoshi hata kupumua." Basi mimi nahubiri dakika 12, na Roma ikiniuliza nitampeleka mama yule akajibu.

Lakini shida yangu si saa. Shida yangu ni kile kinachofuata mahubiri.

Msomaji wa Tanzania au wa Kenya akija kusali kwetu hushangaa. Kwao watu huungama dhambi zao mwanzoni mwa Misa, na amani hutolewa karibu na Komunyo. Kwetu Kongo tunao utaratibu mwingine, katika Misale ile iliyokubaliwa na Roma tarehe 30 Aprili 1988 kwa ajili ya majimbo ya Zaire, kama nchi ilivyoitwa wakati huo. Mwanzoni tunawaita watakatifu, na pamoja nao wahenga wetu waliomtafuta Mungu kwa moyo mnyofu. Kisha tunasikiliza Neno. Padri anahubiri. Tunaungama imani yetu. Ndipo tunapofanya toba, tumeinamisha vichwa na kupishanisha mikono kifuani. Tunanyunyiziwa maji ya baraka. Na papo hapo tunapeana amani. Baada ya amani vipaji huletwa altareni kwa nyimbo na kucheza.

Maaskofu wetu, na Kardinali Malula wa Kinshasa kati ya waliotangulia katika kazi hiyo, walikuwa na sababu njema. Mtu huijua dhambi yake Neno la Mungu likimwangaza. Tena Bwana wetu mwenyewe aliagiza kwamba mtu anayeleta sadaka, akikumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka yake pale altareni, aende kwanza kupatana naye.

Sasa fikirini jambo hilo lina maana gani kwa mhubiri. Mahali pengine padri akimaliza kusema, maneno yake hupata nafasi ya kupoa. Huja vipaji, huja sala ndefu, huja nyimbo, na amani ikifika watu wamekwisha sahau nusu. Kwetu hapana nafasi hiyo. Nikisema Amina, dakika chache tu zinapita, na watu wangu wanaambiwa wageukiane na kushikana mikono. Kama nimesema maneno matamu yasiyogusa kitu, mikono inakuwa ya desturi tu, kama ya watu wanaopishana sokoni. Kama nimesema maneno makali yenye kumchoma mtu mmoja mbele ya wote, naona mwenyewe kwa macho yangu jinsi mkono wake unavyokosa wa kuupokea. Kwa hiyo, siku ya Alhamisi nikikaa kuandaa mahubiri, sianzi kwa kujiuliza niseme nini. Huanza kwa kuwataja moyoni watu wa benchi hadi benchi. Fulani atakaa karibu na fulani. Je, baada ya neno hili, mkono wa huyu utaweza kwenda kwa yule?

Nitoe mfano mdogo kwanza. Katika kapu letu la sadaka mara kwa mara tunakuta karatasi iliyokunjwa, na ndani yake chembe za dhahabu. Kwa mtu wa hapa hilo ni jambo la kawaida; mkulima huleta muhogo na mchimbaji huleta alichokitoa shimoni. Dominika moja mtu mmoja aliniletea mwenyewe mkononi dhahabu yenye uzito wa njiti mbili za kiberiti, maana ndivyo wengi wanavyopima hapa, njiti upande mmoja wa mizani na vumbi la dhahabu upande wa pili. Parokia ilikuwa na haja kubwa. Mabati ya kanisa yalikuwa yanavuja. Lakini wote tulijua kwamba mtu huyo na mdogo wake wanagombania shimo, na kwamba mdogo ndiye aliyelichimba alipokuwa kaka yake mgonjwa. Nikamrudishia karatasi yake. Nikamwambia: "Baba, wewe umepita amani ukaja moja kwa moja kwenye vipaji." Alikasirika, akaondoka bila kuaga. Wiki tatu baadaye walikuja wote wawili, na dhahabu ilikuwa imepungua, maana walikuwa wamegawana. Sikuulizia hesabu.

Huo ni ugomvi wa ndugu, na mzee mwenye busara anaweza kuumaliza. Kuna mengine yanayotushinda.

Miaka ya karibuni imetupitia vibaya. Kampuni ya Banro, ya Kanada, ilianza kuzalisha dhahabu kibiashara hapa Namoya mwaka 2016; wafanyakazi wakatekwa mwaka 2017, wakatekwa tena mwaka 2019, na mwaka huo huo kazi ikasimama. Kati ya kampuni, wachimbaji wa mikono, askari, na vijana wenye silaha walioko porini, ni vigumu kupata nyumba moja isiyolia. Wengine wamekimbia na kurudi mara nyingi hata wameacha kufungua mizigo. Sitaki kuandika hapa nani alianza. Hukumu hiyo ina watu wake, na Mungu awape nguvu ya kuifanya kwa haki. Mimi kazi yangu ni kuhubiri kwa wale wanaobaki.

Na wanaobaki hukaa benchi moja. Hilo ndilo ambalo wageni hawalifahamu. Wakisoma habari za mbali hudhani kwamba watu wema wako mjini na watu wabaya wako porini, na kati yao kuna mto. Hakuna mto. Kijana aliye porini ana mama yake, na mama yake amevaa kitambaa cha kina mama wa parokia, anaimba sauti ya kwanza, na kando yake anakaa mjane ambaye mume wake aliuawa njiani akirudi kutoka mashimoni.

Sitataja majina wala kijiji, na mambo mengine nimeyabadili ili wasitambulikane. Lakini wanawake wawili wa namna hiyo ninao. Wote wawili ni wa shirika moja. Tangu uchumba wao walikuwa wakilimiana mashamba na kutwanga pamoja. Kisha mume wa mmoja alivamiwa na vijana wenye silaha, wakachukua gramu chache alizokuwa nazo, wakamwua kwa panga. Na mtoto wa mwisho wa yule mwenzake yuko pamoja na vijana wa namna hiyo porini. Kama alikuwapo siku ile, mama yake hajui. Mjane naye hajui. Kutojua huko kunaumiza kuliko kujua.

Tulimzika yule baba siku ya Jumanne. Dominika iliyofuata, Evanjili iliyopangwa ilikuwa ile ya Mtume Petro kumwuliza Bwana ni mara ngapi amsamehe ndugu yake. Padri hachagui Evanjili. Kalenda ya Kanisa imekwisha mchagulia. Ijumaa nilimchukua katekista wetu, mzee ambaye amefundisha Katekisimu tangu mimi sijapadirishwa, tukaenda kwa mjane. Njiani aliniambia neno ambalo nimelishika mpaka leo: "Baba Padri, ukisema habari ya kusamehe, sema na habari ya panga. Ukiliacha panga nje ya kanisa, atakayekusikia ni yule tu ambaye halijamgusa."

Mjane alitupokea vizuri. Alituletea viti, akakaa chini juu ya mkeka na watoto wake. Hakulia. Alisema: "Baba, sali nitasali. Lakini Baba Yetu ikifika pale pa kusamehe, mdomo wangu unajifunga. Nikilisema neno lile nitamdanganya Mungu mbele ya watoto wangu." Nilimwambia asilitamke kama hawezi. Sala ile hatukufundishwa tumwite Mungu Baba Yangu. Tulifundishwa tumwite Baba Yetu. Basi anyamaze pale, nasi tulio karibu naye tutalisema kwa ajili yake, mpaka Mungu mwenyewe atakapomfungua. Nilimwambia tena kwamba kusamehe hakumaanishi kusema jambo lilikuwa dogo. Wala hakumzuii kwenda kwa hakimu, akipatikana hakimu. Katekista aliongeza kwamba shamba lake litalimwa na shirika mwaka huo, asiwe na wasiwasi. Nadhani neno la katekista ndilo alilolisikia zaidi, na sina wivu.

Tulipotoka tulipita kwa yule mama mwingine. Yeye hakutuletea viti. Alisimama mlangoni akaniuliza kama ni kweli nitasema juu ya watu wa porini kanisani. "Ukiwataja," alisema, "watu wote watanigeukia mimi. Nitabaki nyumbani." Nikamwomba aje.

Usiku wa Jumamosi nilikaa sana na taa. Kusema kweli hakuna kitabu cha mahubiri kilichonisaidia. Vitabu hivyo vimeandikwa kwa parokia ambazo watu hukasirikiana kwa sababu ya kuku na mipaka. Mwishowe nilikwenda nyuma kabisa, kwa Kaini na Abeli. Dominika nikawaambia watu kwamba damu ya mtu haikauki mbele ya Mungu. Mungu aliisikia damu ya Abeli ikilia kutoka ardhini, na anaisikia damu iliyomwagika katika njia zetu. Panga ni dhambi, na aliyelishika atajibu. Nililisema hilo bila kupunguza. Halafu nikawaambia jambo la pili lililo katika habari ile ile, ambalo wengi hulisahau: Mungu aliyemhukumu Kaini ndiye aliyemtia alama ili mtu yeyote asimwue. Na nikawaambia jambo la tatu. Abeli na Kaini walikuwa na mama mmoja. Siku moja Eva alipoteza watoto wawili, mmoja kaburini, mmoja porini. Ni nani aliyekwenda kumfariji kwa ajili ya yule wa pili?

Hapo kanisa lilinyamaza. Nikaacha. Sikufika kwa Petro na hesabu yake mpaka Dominika ya baadaye.

Wasomaji watataka kujua amani ilikwendaje siku ile. Mjane alitoa mkono kulia na kushoto, kwa wale waliokuwa karibu. Mama yule mwingine alikuwa amekuja, alikaa mwisho wa benchi, na hakuna aliyevuka kwenda kwake ila wazee wawili. Basi. Nawaambieni kama ilivyokuwa, kwa maana nimesoma katika magazeti ya dini habari nyingi za mahubiri yaliyogeuza watu kwa saa moja, na sijawahi kuiona saa hiyo hapa Salamabila.

Wako mapadri wanaosema kwamba katika nchi za vita afadhali kuhubiri mambo ya mbinguni tu. Nawaheshimu, lakini siwafuati. Jimbo letu la Kasongo limepata askofu aliyetufundisha vingine, Christophe Munzihirwa, Myezuiti, aliyetuongoza kabla ya kupelekwa Bukavu kuwa Askofu Mkuu mwaka 1994. Kule alisema waziwazi juu ya maovu ya askari wa nchi yake, tena aliwatetea wakimbizi kutoka Rwanda wakati ambapo wengi hawakutaka kusikia habari zao. Kila upande ulikuta katika maneno yake kitu cha kuuchoma. Aliuawa Bukavu tarehe 29 Oktoba 1996. Wazee wa Kasongo waliomjua humkumbuka zaidi kwa unyenyekevu wake kuliko kwa hotuba. Na majirani zetu wa Fizi wana Wenye Heri wao, waliotangazwa Uvira tarehe 18 Agosti 2024: Wasaveri watatu, Luigi Carrara, Giovanni Didonè na Bruda Vittorio Faccin, pamoja na Padri Albert Joubert, waliouawa Baraka na Fizi siku moja, tarehe 28 Novemba 1964. Padri Carrara alikuwa akiungamisha watu waasi walipofika. Nalipenda jambo hilo kuliko mengine yote katika habari yao. Hakukutwa jukwaani. Alikutwa akisikiliza.

Ndiyo, kusikiliza. Mtaguso wa Vatikano wa pili, katika hati yake juu ya Liturujia ya mwaka 1963, ulisema kwamba mahubiri ni sehemu ya Liturujia yenyewe, na Dominika yasiachwe pasipo sababu nzito. Lakini padri asiyekaa mkekani Ijumaa hana cha kusema Dominika. Papa Fransisko alipokuja Kinshasa, tarehe 1 Februari 2023, alikaa na watu walioumizwa huku mashariki. Waliongea wao kwanza. Waliweka chini ya msalaba vitu vya mateso yao, na mmoja aliweka panga linalofanana na lile lililomwua baba yake. Katekista wetu alipoisikia habari hiyo hakuona ajabu. "Nilikuambia," alisema, "panga liingie kanisani."

Nimalize habari ya wale mama wawili, ingawa haijaisha. Siku ya kulima shamba la mjane, shirika lilikwenda kama lilivyoahidi. Mimi sikuwapo, nilikuwa safarini kwa Misa ya kijiji cha mbali, na pikipiki ilinilaza njiani. Katekista ndiye aliyenieleza. Mama yule wa kijana alikuja na jembe lake bila kuitwa, akaanza kulima mwisho kabisa wa shamba, peke yake. Hakuna aliyemfukuza, hakuna aliyemsogelea. Saa ya kula ilipofika, mjane alipakua ugali na sombe mwenyewe, sahani kwa sahani, akampelekea na yeye sahani yake kule kule mwisho. Akaiweka chini. Hawakusema neno. Akarudi.

Kwenye Baba Yetu bado ananyamaza pale pale. Namwona. Sisi tunasema.

Mama wa kijana naye alinijia jioni moja. Aliniuliza: "Akija usiku, nimwambie nini?" Nikamwambia amlete kwangu saa yoyote, ila bunduki isiingie nami sitauliza ya wengine. Mpaka leo hajaja. Wiki hii zamu ya kuandaa kanisa ni ya shirika lao. Katekista ameandika majina kwenye karatasi na kuibandika katika sakristia: wa kufagia, wa kufua vitambaa, wa kuteka maji ya kubarikiwa. Kwenye maji ameandika majina mawili.